Maswali ya Magari: Turbo iliyotosha Mombasa haitoshi Nairobi

SWALI: Hamjambo mafundi. Nina Impreza WRX STI ya Kijapani, toleo la GRB, injini EJ207 ya lita mbili, na turbo bado ni VF49 ya kiwandani. Pistoni na konrodi nimeshaweka za kufuliwa. Nataka nguvu farasi 400 kwenye injini, kwa petroli ya kituoni. Rafiki yangu wa Mombasa amefunga turbo ya 20G na anaisifu sana. Je, nami ninunue hiyo hiyo? Gari ni la kila siku, na mara mojamoja nateremka nalo Pwani.
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Hapana, na kosa si la 20G. Rafiki yako yuko usawa wa bahari, ambako hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 101 hivi. Nairobi, kwenye mita 1,795 hivi, ni karibu 82. Kabla hujakanyaga mafuta, turbo yako (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi) imeshapungukiwa na karibu moja ya tano ya hewa, na njia pekee iliyo nayo ya kufidia ni kuzunguka kasi zaidi.

Tupige hesabu, kwa sababu turbo huchaguliwa kwa hesabu, si kwa sifa. Kwa mchanganyiko wa hewa 11.8 kwa petroli 1, nguvu 400 zinataka kilo 19.6 hivi za hewa kwa dakika. Ili EJ207 imeze hewa hiyo kwenye mizunguko 7,200, ikijaa kwa asilimia 95 na hewa ya manifodi (paipu zinazogawia silinda hewa) ikiwa nyuzi 50, manifodi inahitaji kilopaskali 266 kamili, yaani ukihesabu pamoja na mgandamizo wa anga. Toa 82 za Nairobi, geji yako itasoma bar 1.84, PSI 27. Injini haijui geji yako inasema nini. Inachokijua ni mgandamizo kamili na joto, na kilopaskali 266 kwa petroli ya kituoni kwenye gari la kila siku ni kukaribisha kugonga, yaani mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda. Pistoni za kufuliwa huchelewesha uharibifu, haziuzuii.

Kwa hiyo lengo lako tunalishusha: nguvu 360. Hapo unahitaji kilo 17.7 za hewa kwa dakika na kilopaskali 240 kamili, ambazo kwa geji ya Nairobi ni bar 1.58, PSI 23. Ukizing'ang'ania 400, zipate kwa mafuta yenye ethanoli nyingi kama unao mtoaji wa uhakika. Usizitafute kwa kuongeza presha juu ya petroli ile ile.

Sasa turbo yenyewe. Chujio la hewa na paipu yake hula kilopaskali 7 hivi, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) na paipu zake 14. Kompresa, upande wa turbo unaosukuma hewa, basi inatakiwa itoe 254. Mombasa inapokea 94, kwa hiyo uwiano wa mgandamizo ni 2.7. Nairobi inapokea 75, na uwiano unapanda hadi 3.4. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: ramani ya kompresa (mchoro wa uwezo wake) huchorwa kwa hewa ya kiwango maalumu, karibu na ya usawa wa bahari. Kilo zako 17.7 zikirekebishwa kwa hewa nyepesi ya Nairobi zinakaa kwenye ramani kama kilo 22.5, au pauni 50 kwa dakika. Za Mombasa zinakaa kama kilo 18, pauni 40. Injini ni moja, nguvu ni zile zile, lakini turbo zinazohitajika ni mbili tofauti.

Ndiyo maana 20G ya rafiki yako inafanya kazi yake vizuri na ingekuangusha wewe. Ikisukumwa hadi 3.4 inakuwa imetoka nje ya eneo lake zuri: shafti inazunguka kupita kiasi na hewa inatoka ya moto. Hata kompresa bora, yenye ufanisi wa asilimia 72 hadi 74, itatoa hewa ya nyuzi 165 hivi Mombasa na karibu 198 Nairobi. Intakula ya juu ya injini haiwezi kuishusha hewa hiyo hadi nyuzi 50 mfululizo. Weka ya mbele, na uhakikishe haizibi upepo wa rejeta.

Turbo mbili zinaingia kwenye hesabu hii. Ya kwanza ni Garrett G25-660, na pauni zako 50 zinabaki ndani ya ramani yake. Ya pili ni BorgWarner EFR 7163. Kwa gari lako tunaegemea 7163, kwenye nyumba ya turbini ya T4 yenye njia mbili, A/R (kipimo cha upana wa njia ya moshi) 0.80. Injini yako tayari ina manifodi ya moshi ya njia mbili: mfuatano wa kuwaka ni 1-3-2-4, na silinda 1 na 2 hupitia njia moja, 3 na 4 nyingine, ili pigo la moshi la silinda moja lisisumbue lile linalofuata. Kwa injini ya lita mbili inayopita kwenye foleni kila siku, faida hiyo inasikika kwa mguu. Ukichukua turbo ya njia moja unaitupa. Tahadhari kuhusu 7163: gurudumu la turbini ni la titani-alumini, jepesi sana lakini halivumilii kupigwa na kitu. Nati moja, au kipande cha weldi ndani ya manifodi, na limekwisha. Kila paipu iliyochomelewa isafishwe ndani kabla ya kufungwa.

Zote mbili hazikai kwa boliti za kiwandani. Utatengeneza paipu ya kupandia turbo, ya kutolea moshi, ya hewa na za mafuta ya injini. Piga bei ya kazi hiyo yote kwanza, maana watu wengi hununua turbo kisha pesa huishia kwenye chuma.

Westigeti (vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo ili presha isizidi): kama unatumia ya nje moja, ya milimita 44 au 45, ivute moshi kutoka njia zote mbili, na ukuta unaozitenganisha uendelee hadi kwenye vali. Ukiishia njiani, njia mbili zimegeuka moja. Kama nafasi ipo, mbili za milimita 38 hadi 40 ni safi zaidi. Paipu yake itoke kwa mkunjo mpole kuelekea upande moshi unakokwenda. Ikitoka kwa pembe mraba, moshi utaipita na presha itapanda yenyewe kwenye mizunguko ya juu hata vali ikiwa wazi kabisa. Springi weka ya bar 0.8. Solenoidi ya njia tatu huweza kuifikisha takriban mara mbili yake, na ndipo unapopahitaji.

Mafuta ni rahisi: nozeli nne, zikifanya kazi kwa asilimia 80, zinahitaji kiasi cha cc 635 kwa dakika kila moja. Chukua za 850. Injini itakunywa lita 122 hivi kwa saa mguu ukiwa chini, kwa hiyo pampu ya lita 255 inatosha, mradi uivutie waya mnene na rilei yake. Pampu ikipata volti pungufu hutoa mafuta pungufu, na injini huungua wakati geji zote zinaonekana sawa. Kihisi cha presha badilisha kiwe cha bar 4.

Na safari za Pwani. Fundi wako akitengeneza ramani ya kompyuta ya injini Nairobi kwa kushikilia bar 1.58 za geji, ukifika Mombasa bar hizo hizo zinakuwa kilopaskali 259 kamili badala ya 240, na hewa ni ya moto zaidi. Gari litavuta kama limepewa uhai mpya, na hapo ndipo huvunjika. Kompyuta iwekwe presha kwa kipimo kamili, na jedwali la kurekebisha kwa mgandamizo wa anga lijazwe kuanzia 80 hadi 101. Pwani geji isome kama bar 1.4, si zaidi.

SWALI: Habari za kazi. Forester yangu ya turbo, EJ205, imebadilishwa turbo mara mbili ndani ya miezi minne. Ya kwanza ilikatika shafti, ya pili imeanza kutoa moshi wa buluu. Fundi anasema turbo ni feki. Mnasemaje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Inawezekana, lakini turbo mbili kufa zikifuatana kwa kawaida huashiria mafuta ya injini. Anza na yanakoingia. Injini nyingi za EJ zenye AVCS (mfumo wa kubadili taiming ya vali) zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya banjo ya paipu inayolisha turbo. Kikiziba kwa uchafu ulioiva, turbo inakauka. Kitoe, na kama kimejaa, badilisha paipu nzima, usiipulize tu.

Turbo iliyokatika shafti humwaga vipande vya chuma pande mbili. Vya kompresa huingia kwenye intakula, vya beringi hurudi kwenye sampu, bakuli la mafuta chini ya injini. Kama fundi alifunga turbo mpya bila kufungua sampu, bila kuosha kipozeo cha mafuta na intakula, turbo ya pili ilinyweshwa mabaki ya ya kwanza. Sampu ikiwa chini, angalia paipu ya kufyonzea mafuta. Kwenye EJ hupasuka kwenye kiungo chake, ikaanza kuvuta hewa.

Moshi wa buluu ni habari nyingine, na hauthibitishi kwamba turbo imekufa. Ndani ya turbo hakuna sili ya mpira upande wa turbini. Kuna ringi ya chuma, na mafuta hayavuji pale ikiwa tu yanashuka bila kizuizi. Angalia paipu ya kurudishia: isiwe na mkunjo wa kupanda, isibanwe, ndani iwe na milimita 14 au zaidi, na iingie kwenye injini juu ya usawa wa mafuta. Silikoni iliyopakwa kwenye gaskiti yake ni adui mkubwa: hubinywa ndani, ikaziba nusu ya tundu. Tumia gaskiti kavu. Kisha pima pumzi ya injini, maana ringi za pistoni zikichoka au vali ya PCV (ya kupumulia injini) ikiziba, presha ya sampu huzuia mafuta kushuka na turbo inalaumiwa bure.

Kabla ya kuwasha na turbo mpya, mimina mafuta safi kwenye tundu la kuingizia, zungusha gurudumu kwa kidole, chomoa plagi za nozeli, piga stata kwa sekunde 10 hadi 15 mara kadhaa hadi taa ya presha ya mafuta izime. Halafu iwashe na uiache izunguke polepole (silensa) dakika chache, bila kuipandisha.

Kama safari hii utaweka turbo ya beringi za gololi, paipu ya kulishia inahitaji kibano. Kwa Garrett nyingi za aina hiyo ni tundu la milimita 0.9. Ya bushi (beringi za kawaida zisizo na gololi) haihitaji kibano hicho, na ukikiweka unaiua.

SWALI: Nimenunua ramani ya kompyuta kutoka Marekani, imeandikwa ni ya petroli ya oktani 93. Nikiweka petroli yenye 95 niko salama, sivyo?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Hauko salama. Namba ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya jinsi petroli inavyostahimili kugonga, RON na MON. Namba ya vituo vyetu ni RON peke yake. 93 ya Marekani ni RON 97 hadi 98, kwa hiyo petroli yako ya 95 iko chini yake. Usiendeshe ramani hiyo kwa mguu mzito hadi fundi apunguze taiming na presha, akiwa anasoma kihisi cha kugonga.

SWALI: Turbo ya mtumba naikaguaje dukani?
*Msomaji, Unguja*

JIBU: Shika shafti, uisukume na kuivuta kwa urefu wake. Kwenye turbo ya bushi hutakiwi kuhisi mchezo wowote kwa kidole. Ukiuhisi, iache. Mchezo mdogo wa pembeni ni kawaida ikiwa kavu, ila magurudumu yasiguse ukuta hata ukiyabana upande mmoja. Tazama ncha za mapezi ya kompresa kwa tochi: zikiwa zimelika kama zimepigwa msasa, ilivuta vumbi. Angalia ukuta wa turbini kama una ufa kuelekea tundu la westigeti. Ufa mfupi usiotoboa huvumilika, unaofika kwenye flenji haufai. Mwisho fungua tundu la mafuta. Masizi meusi magumu humaanisha ilizoea kuzimwa ikiwa ya moto, na bei yake ishuke hadi bei ya ganda tu.