Kuchonga majitu ya sinema za zamani bila kuingia matatani

Kaka, nimekuelewa: unachonga hapo Mtwara mjini, mteja wa nje anataka vinyago vidogo vya Frankenstein na Dracula vya kukusanya, nawe unaogopa kushtakiwa.

Hofu yako ina msingi. Hadithi zenyewe, Frankenstein ya Mary Shelley (1818) na Dracula, yule mnyonya damu, ya Bram Stoker (1897), hazina mwenye haki tena. Ila lile jitu la Frankenstein lenye kichwa bapa na vyuma shingoni ni sura ya filamu ya kampuni ya Universal ya 1931. Hiyo usiiguse bila leseni. Chonga la kwako. Wamakonde tunachonga mashetani tangu miaka ya 1950, sura zilizopinda, jicho moja, mdomo ubavuni. Mimi ningeanzia hapo. Na usikwangue weupe wote wa nje wa mpingo: acha sehemu, uso wa Dracula utoke humo, joho libaki jeusi. Mkusanyaji atalipia hicho hasa.

Toa vichache, tia namba na saini chini ya kila kimoja, chukua malipo ya awali. Kabla ya kusafirisha pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), maana mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mzigo unaweza kuzuiliwa. Mteja akileta mkataba unaotaja haki za michoro yako, usisaini kabla wakili hajausoma.