Brockenhurst, kijiji cha msituni Uingereza: jibu kwa dada anayehamia

Dada, umeuliza kama Brockenhurst ni mahali pa kuishi mtu au ni msitu mtupu, maana umepata kazi ya kuhudumia wazee huko na huna gari. Nimeishi hapo miaka minne kwa kazi hiyo hiyo, nakujibu kwa niliyoyaona.

Usafiri usikutie hofu. Stesheni ya treni ipo tangu 1847. Southampton ni kama dakika ishirini, London saa moja na nusu hivi. Maduka ya kila siku yako Brookley Road, na zahanati ipo. Unga wa ugali na mihogo nilikuwa navifuata Southampton mara moja kwa mwezi. Kitakachokuuma ni kodi ya nyumba, kwa hiyo kabla hujasaini chochote muulize mwajiri kama anatoa chumba.

Sasa wanyama. Asubuhi yangu ya kwanza nilikuta punda amesimama mlangoni mwa duka, katulia, watu wanampisha na mikate yao mkononi. Nikadhani katoroka. Kumbe huko New Forest, msitu unaokizunguka kijiji, punda, ng'ombe na farasi wanatembea huru, na gari ndilo linalosubiri. Lakini si wanyama pori, kila mmoja ana mwenyewe. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alifuga farasi maisha yake yote. Siku moja nilimsukuma na kiti chake hadi pembeni mwa kijiji, akanionyesha mkia wa jike wa kahawia: nywele zimekatwa ngazi ngazi. Akanieleza kwamba mkato ule unaonyesha mnyama yuko chini ya msimamizi wa eneo gani, na kwamba mwenyewe amelipa ada ya mwaka. Tangu hapo sikuweza kupita farasi bila kumwangalia mkia.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1079 mfalme William Mshindi alilifanya eneo lile kuwa uwanja wake wa kuwinda. Wenyeji wakakatazwa kuzungushia mashamba yao uzio ili kulungu wapite, nao wakaachiwa kuchunga mifugo msituni. Haki hiyo imeshikamana na nyumba au kiwanja, si na mtu, na mahakama ya Verderers inayoisimamia inakaa mpaka leo Lyndhurst, maili nne hivi kutoka kijijini. Majani yakianza kupukutika nguruwe hufunguliwa kwa siku zisizopungua 60 ili wale mbegu za mwaloni, kwa sababu mbegu hizo ni sumu kwa farasi na ng'ombe. Utawasikia wakitafuna kabla hujawaona.

Wanyama hawa usiwalishe kabisa, ni marufuku. Mimi nilimpa farasi mmoja karoti na yule mzee akanikemea kwa uchungu: akizoea mkono wa mtu atakaa barabarani kungoja magari, na atagongwa. Alikuwa amezika farasi wake kadhaa hivyo. Barabara zisizo na uzio kikomo ni maili 40 kwa saa, lakini usiku farasi mweusi haonekani hata kwa mwendo huo. Ukipewa lifti, mwambie dereva aende polepole bila kuona haya. Ukinunua baiskeli, nunua na taa kali; Desemba saa kumi jioni ni giza.

Upweke utakupata, hasa miezi ya kwanza. Mimi nilikuwa napanda kwenye kanisa la St Nicholas, kilimani. Amezikwa pale Brusher Mills, mkamata nyoka aliyeishi kibandani msituni miaka mingi, akafariki 1905. Karibu yake yapo makaburi zaidi ya 90 ya wanajeshi wa New Zealand, maana hospitali yao ilikuwa kijijini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na matatu ya Wahindi. Nilisoma majina yale moja moja, watu waliofia mbali na kwao. Kila Aprili hufanyika ibada ya kuwakumbuka. Nenda, hata kama hujui mtu. Mimi ndipo majirani zangu waliponiuliza jina langu kwa mara ya kwanza.