Maswali na Majibu: Hesabu za Mwanatriathloni

SWALI: Nafanya triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) kwa kujifurahisha tu. Nimetengeneza lahajedwali (jedwali la hesabu kwenye kompyuta) ya mazoezi, lakini jumla ya mwezi inagoma: nimefanya saa 30 na dakika 40, yenyewe inasema 6:40. Wastani wa mwendo wa kukimbia (dakika kwa kila kilomita) nao haukubaliani na wa saa ya mkononi. Nimekosea wapi?

JIBU: Jumla iko sawa, umbizo ndilo limekuangusha. Lahajedwali huhifadhi muda kama sehemu ya siku, hivyo ikipita saa 24 huanza upya, kama saa ya ukutani. Badilisha umbizo la kisanduku cha jumla liwe [h]:mm:ss. Hayo mabano ya mraba ndiyo yanayoizuia kurudi sifuri.

Ukiwa hapo hapo, kagua jinsi unavyoingiza muda. Ukiandika 45:30 kwa maana ya dakika 45 na sekunde 30, programu inaweza kuisoma kuwa saa 45 na nusu. Andika 0:45:30. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza, maana kisanduku huonekana hakina neno.

Kuhusu mwendo, bila shaka umejumlisha mwendo wa kila siku ukagawanya kwa idadi ya siku. Chukua kilomita 5 kwa dakika 6 kila moja, kisha kilomita 10 kwa dakika 5. Kwa njia yako wastani ni 5:30. Lakini umekimbia dakika 80 kwa kilomita 15, yaani 5:20. Kwa hiyo andika umbali na muda peke yake, mwendo ukokotolewe na programu kutokana na jumla zake. Ongeza tarehe, mchezo, wastani wa mapigo ya moyo, ugumu kuanzia 1 hadi 10, na maelezo mafupi (upepo, usingizi, goti linalouma). Zaidi ya hapo utachoka kujaza kabla ya mwezi kwisha.

Usijumlishe kilomita za michezo mitatu. Kilomita 3 za majini zinaweza kukumalizia saa nzima. Kwenye baiskeli hata jasho halijatoka. Kinachojumlishika ni dakika mara ugumu: dakika 60 za ugumu 5 ni 300, dakika 30 za ugumu 8 ni 240. Alama ya ugumu itoe kama nusu saa baada ya zoezi, la sivyo mbio za dakika ya mwisho zitaipandisha.

SWALI: Kwenye bwawa la mita 25 saa yangu hupunguza umbali, siku nyingine mita 50, nyingine 150. Ni mbovu?

JIBU: Hapana. Kama ingekuwa imewekwa yadi badala ya mita, kasoro ingekuwa ile ile kila siku, kati ya asilimia 8 na 9, kwa kuwa yadi 25 ni mita 22.86. Yako inabadilika, tena kwa vipande vya 25: inaruka mizunguko. Saa hutambua ukuta kwa msukumo wako na mikono yako. Ukipiga miguu tu huku umeshika ubao, haina cha kuhesabu. Mizunguko hiyo iongeze mwenyewe.

SWALI: Nalinganishaje mashindano mawili ya masafa ya Olimpiki? La pili nilichelewa dakika 9, ila lilikuwa na milima.

JIBU: Mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10 ni za kwenye karatasi, njia halisi hutofautiana. Gawanya muda wako kwa muda wa mtu wa katikati katika kundi lako la umri. Wewe 2:48:00, yeye 2:40:00: dakika 168 kwa 160, sawa na 1.05. Namba hiyo ikishuka kwenye shindano la pili, umeboreka hata kama saa inasema umechelewa. Usitumie mshindi, kwani anategemea nani kajitokeza siku hiyo. Kundi likiwa la watu wachache, chukua jinsia yako yote.

Fanya hivyo pia kwa kila kipande: kuogelea, mpito wa kwanza (kubadilisha kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine), baiskeli, mpito wa pili, kukimbia. Tumia nyakati za chipu (kifaa cha kupima muda unachovaa siku ya shindano), si za saa yako, ambayo kitufe chake husahaulika. Na uangalie mkeka wa kupimia ulipowekwa: ukiwa mbali na maji, muda wako wa kuogelea una mita mia kadhaa za kukimbia ndani yake.