Kwa nini walianza na sukari

Dada, umeuliza kwa nini mzee alitobolewa kidole kupimwa sukari wakati dalili zote ni za kiharusi. Hawakupoteza muda. Sukari ikishuka sana nayo huweza kulegeza upande mmoja na kufanya ulimi uwe mzito, na hiyo hutibiwa kwa glukosi papo hapo.

Kisha daktari humwambia mgonjwa acheke aonyeshe meno, afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili. Mkono mmoja ukianza kushuka taratibu, hata wewe unauona. Halafu CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa. Damu iliyovuja huonekana nyeupe mara moja. Mshipa ulioziba unaweza usionyeshe kitu saa za mwanzo, kwa hiyo picha safi haimaanishi hana kiharusi. Na kwa kuwa kwa macho tu huwezi kujua kama mshipa umepasuka au umeziba, tafadhali msimpe mtu aspirini nyumbani; kama umepasuka, inaweza kuzidisha kuvuja kwa damu.

Shikeni sana saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na hesabu huanzia hapo, si pale mlipomkuta ameanguka.