Kuwaombea Wauzbeki katika Mwezi wa Ramadhani: Je, Nilikosea Kula Futari Yao?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Ninaishi Brooklyn, New York, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mlango unaotazamana na wangu wanakaa Wauzbeki kutoka Samarkand, mji wa Uzbekistan. Nilipougua wakati wa baridi, mama wa nyumba ile ndiye aliyeniletea supu hadi nikapona. Ramadhani hii walinialika futari, nikaenda, na walipoinua mikono kuomba dua baada ya kula, nami niliinua. Kikundi chetu cha maombi kinafunga siku 30 ili "kumwangusha mkuu wa Ramadhani", yaani pepo wanayesema anawatawala Wauzbeki. Kiongozi wetu anasema nimekula kwenye meza ya mashetani, na kwamba nisirudi kule isipokuwa nimeficha Injili ya Kiuzbeki ndani ya zawadi ya sikukuu. Sahani yao bado iko jikoni kwangu, sijui niirudisheje. Je, nimetenda dhambi? Na niwaombeeje?

JIBU: Amina, dada yangu. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, na lililonisumbua si lile la futari, bali kwamba mtu aliyeuguzwa na jirani anafundishwa kumwogopa jirani huyo kwa jina la Kristo.

Hukutenda dhambi. Andiko la meza ya mashetani limo katika 1 Wakorintho 10, na Paulo hapo anazungumzia sadaka zilizotolewa kwa sanamu. Katika sura hiyohiyo, mistari michache mbele, anasema kwamba asiyeamini akikualika nawe ukataka kwenda, ule kinachowekwa mbele yako bila kuulizauliza. Ulichowekewa ni nini? Bila shaka ni wali wa nyama na karoti wanaouita osh, mkate wa tanuri unaomegwa kwa mkono, chai ya kijani, na labda nishalda, ule utamu mweupe wa ute wa yai na sukari ambao kwao ndio ladha ya Ramazon. Hakuna sanamu iliyochinjiwa hapo. Na kuhusu mikono, Wauzbeki huomba dua baada ya chakula, kisha hupitisha viganja usoni. Kuinua mikono si kutamka shahada. Paulo mwenyewe anataja kuinua mikono iliyotakata katika maombi. Kama moyoni ulimwomba Baba kwa jina la Yesu, uliomba. Dhamiri ikikusuta safari nyingine, weka mikono magotini na uinamishe kichwa. Hakuna atakayekuuliza, na akikuuliza una jibu.

Sasa nije kwa huyo "mkuu wa Ramadhani". Wanaofundisha hivi hutegemea Danieli 10, mahali ambapo malaika anasema alipingwa na mkuu wa ufalme wa Uajemi siku ishirini na moja. Isome tena sura ile polepole. Danieli aliomboleza majuma matatu bila hata kujua kwamba kuna mkuu anayepinga. Aliambiwa baadaye, malaika alipomfikia. Hakumtaja katika maombi, hakumkemea, hakumfunga kamba. Ukirudi sura ya 9 utaona alichokiomba: aliungama dhambi, na dhambi hizo zilikuwa za watu wake mwenyewe, si za Waajemi. Aliyeshughulika na mkuu yule ni malaika aliyetumwa na Mungu. Waraka wa Yuda nao unasema kwamba hata malaika mkuu Mikaeli, aliposhindana na Ibilisi, hakuthubutu kumshitaki kwa kumlaumu, bali alisema Bwana na akukemee. Sisi tulio wadogo kuliko Mikaeli tumepata wapi mdomo huo? Wakiniambia kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, nitakubali mara moja, kisha nitawauliza mbona damu na nyama ndiyo inayoumia: wewe umekatazwa kukaa na mama yule, naye ataona mlango wako umefungwa asijue kosa lake.

Liko pia jambo ambalo kikundi chenu huenda hakilijui. Warusi waliiteka Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan ya leo, mwaka 1865 na Samarkand mwaka 1868, na tangu hapo Mkristo, machoni pa Wauzbeki wengi, ni Mrusi. Kisha ukaja utawala wa Kisovieti, ukafunga misikiti kwa mamia na makanisa pia, na kufunga Ramadhani kukahesabiwa kuwa ujinga wa watu wa zamani. Maana yake ni kwamba kuiangusha Ramadhani kulikwisha kujaribiwa, na waliojaribu walikuwa wakana Mungu wenye dola mkononi. Mikono iliposhushwa kutoka kwenye dua haikuinuliwa kwa Kristo. Mkristo anayeomba jirani yake aache kumtafuta Mungu anaomba jambo la ajabu sana. Omba kwamba anayemtafuta ampate, na ampate katika Mwana wake. Hilo liombe kila siku bila haya. Paulo aliwaombea Israeli waokolewe, na kabla ya kusema hivyo alisema angekubali yeye mwenyewe kuharimishwa na kutengwa na Kristo kwa ajili yao. Katika maombi ya vita vya kiroho niliyoyasikia sijasikia mtu aliyefika hapo.

Nasema haya nikiwa na aibu yangu. Nilipokuwa mchungaji kijana Tanga, tuliwahi kukesha tukiomba hivyohivyo, kipaza sauti kikielekea nyumba za Waislamu wakati wa tarawehe. Jirani yetu mmoja alikuwa akituletea sahani ya mihogo ya nazi karibu kila Ramadhani. Mwaka ule haikuja, na mke wangu ndiye aliyeniambia sababu.

Kuficha Injili ndani ya zawadi nakukataza waziwazi. Mtume anasema tumeyakataa mambo ya aibu yaliyositirika, wala hatuenendi kwa hila. Zawadi yenye kitu kilichofichwa ni mtego, hata kama kilichofichwa ni Neno la Mungu. Tena fikiri nani atalipa gharama. Wewe uko Brooklyn, lakini watu wa familia ile wana ndugu Samarkand, na sheria ya Uzbekistan ya mwaka 2021 inakataza kazi ya umisionari na kumvuta mtu kutoka dini moja hadi nyingine, hata vitabu vya dini kuingia nchini ni lazima vikaguliwe kwanza. Muuzbeki anayemwamini Kristo mara nyingi hubanwa na ukoo na majirani wa mtaa wake, ile mahalla, kabla ya kubanwa na serikali. Kwa hiyo usipige picha futarini na kuituma kwenye kundi la maombi, wala usitaje majina yao huko. Mama yule akikuuliza unaamini nini, mwambie kwa upole. Jina la Iso Masih, yaani Yesu Kristo kwa Kiuzbeki, analijua. Akitaka kusoma, mpe Muqaddas Kitob, Biblia kwa lugha yake, mkononi na bila karatasi ya zawadi. Unaweza pia kumwambia jambo litakalomshangaza: karne nyingi kabla ya Mrusi yeyote kufika, Samarkand ilikuwa na askofu mkuu wa Kanisa la Mashariki, kanisa la kale la Asia. Kristo si mgeni katika mji wake.

Kuhusu kufunga, funga ukipenda, ila usimfanye adhani unafunga saumu yake.

Lipo jambo hukuliuliza, nami nimeliona. Uko mbali na kwenu, unalala ukiwa umewageuza wazee wa watu kitandani kutwa nzima, na uliposhikwa na homa kikundi chako hukukitaja hata mara moja. Usikiache kwa hasira. Zungumza na kiongozi wako peke yenu, umsomee Danieli 10 aone mwenyewe. Huenda naye alifundishwa hivyo na hajawahi kuulizwa. Akikataa kukusikiliza, tafuta kanisa jingine, nawe usijihesabu kuwa muasi.

Sahani ile ipeleke siku ya Hayit, sikukuu yao ya kufungua. Pika maandazi ya iliki kama ya nyumbani, ujaze sahani, ubishe hodi, na wakikukaribisha chai, kaa unywe.