Wageni Tele, Oda Zilezile

Swali: Nauza dagaa wakavu Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kijana aliyenitengenezea duka la mtandaoni aliweka ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne ili nipate wageni. Wameongezeka kweli, lakini oda ni zilezile. Je, kuna ubaya? Naogopa Google itaniadhibu kwa wageni wasionunua.

Jibu: Upo, ingawa si ule unaouogopa. Google haitakuadhibu kwa sababu tu mtu ameingia dukani kwako akatoka mikono mitupu. Madhara yamo katika hesabu zako: ukigawanya oda zilezile kwa umati wa wazazi wanaotafuta matokeo ya watoto wao, duka lililokuwa likiuza vizuri litaonekana limekufa, nawe utaanza kushusha bei ambayo haikuwa na kosa lolote. Fungua Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, usome maneno yaliyowaleta wageni kabla ya kushangilia idadi yao. Mwenye duka mmoja wa hapa mjini alinionyesha yake kwenye simu: juu yalijaa "matokeo", na chini kabisa, kwa mibofyo michache, palikuwa na "dagaa wasio na mchanga bei ya gunia". Huyo wa chini ndiye mnunuzi, maana anayejua kutofautisha dagaa walioanikwa kwenye chanja na walioanikwa chini amekwisha kuamua kununua, ila hajapata wa kumuuzia. Mwandikie yeye ukurasa, ule wa matokeo uufute. Na kijana wako, ikiwa unamlipa kwa idadi ya wageni, badilisha makubaliano hayo leo.

Swali: Nikijaza majina ya bidhaa nisizouza kwenye lebo ya maneno muhimu, ile iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, nitapanda kwenye matokeo ya Google?

Jibu: Hapana. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii lebo hiyo kupanga matokeo, na swali hili nimekwisha kulijibu mara nyingi mno.

Swali: Ninalipia tangazo la sato wabichi kwenye Google, lakini wanaotafuta "jinsi ya kupika sato" hubofya na kuondoka. Niwazuie?

Jibu: Kwenye tangazo, ndiyo: yaingize maneno "jinsi ya kupika" katika orodha ya maneno yasiyotakiwa, ili wanaoyatafuta wasilione tangazo, kwa kuwa kila mbofyo unaulipia. Wakija bila malipo kupitia utafutaji wa kawaida, waache, kwani anayeuliza mapishi hahitaji kushawishiwa kwamba sato ni chakula. Kinachonitia shaka zaidi ni eneo ulilochagua, jambo ambalo hukuliuliza. Kama pikipiki yako haivuki Buhongwa upande mmoja na Igoma upande mwingine, sioni kwa nini tangazo lionekane Dodoma.