Jibu la kwanza usilifute: kwa wadogo zangu mnaoanza fasihi ya Kiingereza

Wadogo zangu mlioripoti kidato cha tano wiki hizi, na hasa nyinyi mliovuka kwa boti kutoka Pemba na masanduku yenu ya bati, huenda mkatakiwa kuwa na daftari moja ambalo halimo katika orodha ya vifaa. Mwalimu wetu aliliita daftari la majibu. Kila ukimaliza sura ya riwaya unaandika ukurasa mmoja kueleza sura ile imekufanya nini. Muhtasari hautakiwi, wala dhamira za mwandishi. Linatakiwa jibu lako. Wakati ule niliona ni kupotezeana muda. Sasa niko mwaka wa pili chuoni nasomea ualimu, na katika madaftari yangu yote ya skuli nimebaki na hilo moja.

Riwaya tuliyoanza nayo ni Lord of the Flies ya William Golding, iliyotoka mwaka 1954. Kwa ambaye hajaifungua: wavulana wa Kiingereza wanasafirishwa kukimbia vita, ndege inaanguka katika kisiwa kisicho watu, na hakuna mtu mzima aliyesalia. Wanamchagua Ralph awe mkubwa wao, wanaweka sheria, wanawasha moto mlimani ili meli ikipita ione moshi. Jack, kiongozi wa wanakwaya, hamu yake ni kuwinda nguruwe. Zinapofika sura za mwisho kati ya zile 12, anayewindwa ni Ralph.

Ninalo daftari hapa mbele yangu. Jibu langu la kwanza linasema: "Watoto hawa hawakulelewa. Kwetu mtoto ni wa mtaa mzima, haya yasingetokea." Mwalimu akalipigia mstari neno "kwetu" kwa kalamu nyekundu, na pembeni akauliza: "Wapi hasa?" Hakunipa alama hata moja. Nilikasirika wiki nzima, maana niliamini nimewatetea wazee wangu.

Nakwambieni sasa kilichokuwa kikitendeka, kwa sababu kitakutokeeni na nyinyi. Kitabu kikikugusa pabaya, jibu la kwanza hukimbia, likaupeleka ubaya mbali: kwa Wazungu, kwa wanaume, kwa watu wa zamani. Jibu hilo usilifute. Litie tarehe uliache, ili ukirudi baada ya mwezi uone ulikimbilia wapi.

Kukimbia kwangu kwa pili kulikuwa kwa maisha ya mwandishi. Nilisoma kwamba Golding alikuwa mwanamaji katika Vita vya Pili, kwamba Juni 1944 aliongoza chombo cha kurushia roketi kwenye pwani ya Normandy, na kwamba kabla na baada ya vita alisomesha wavulana katika skuli moja mjini Salisbury. Nikaandika ukurasa mzima wa raha: mtu huyu kaona vita vya kwao, ndiyo maana kaandika hivi. Hayo ni kweli na mtihani unaweza kuyataka, lakini msianze nayo. Nilipoyajua mapema nilipata pa kuufungia mlango, nikasoma sura tatu nzima bila kitu chochote kunifikia.

Mlango ulifunguliwa na Piggy. Huyu ni mvulana mnene, mwenye pumu na miwani, na ndiye mwenye akili kuliko wote pale. Nilipoanza kusoma maneno yake nilidhani kitabu chetu kina makosa ya uchapaji, maana sarufi yake haikufanana na ile tuliyofundishwa. Nikawa namsahihisha kwa penseli. Nilisahihisha kurasa nyingi kabla ya mwalimu kuniambia nifute penseli yangu yote: Piggy anasema Kiingereza cha watu wa chini, na wenzake wanaposikia anavyotamka ndipo wanapoamua kwamba hafai kusikilizwa. Nilifuta huku nimejiinamia. Mimi ni mtoto wa Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba, na muhula wangu wa kwanza Mjini nilinyamaza darasani kwa sababu nikifungua mdomo kwa lahaja ya nyumbani watu wanaangua kicheko. Na hapa nilikuwa nimeshika penseli.

Angalieni pia jambo hili, ambalo nililiona mara ya tatu ya kusoma. Piggy ni jina la utani, nalo ni la kumfananisha na nguruwe. Kwetu sisi nadhani halihitaji kuelezwa uzito wake. Mwanzoni kabisa anamwambia Ralph kwamba hataki kuitwa hivyo. Ralph anacheka, kisha anawatangazia wengine. Jina lake halisi hatulipati kabisa, kitabu kinakwisha halijatajwa, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Na kuna mtoto mdogo, Percival, ambaye mwanzoni anajua kutaja jina lake na anwani ya kwao kama alivyofunzwa. Siku ya kuokolewa anataka kulitaja, halimjii. Mwandishi haelezi kitu. Kaviweka viwili hivyo, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, na vinamsubiri msomaji.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa wa kazi, ukiniuliza, ni kuchagua kitu kimoja na kukifuata tangu sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Wenzangu wengi walifuata moto. Mimi nilifuata kome, lile ganda kubwa la baharini ambalo Ralph analipuliza likalia kama baragumu, na wote wakaja. Sisi tuliokua na msemo wa mbiu ya mgambo hatuhitaji mhadhara hapo: ikilia, kuna jambo. Wavulana wanakubaliana kwamba anayelishika kome ndiye msemaji na wengine wanyamaze.

Basi nikafikiria siwa, baragumu la watawala wa zamani. Ukienda Chwaka unapita Dunga, na magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa Unguja, yako pale. Siwa na ngoma ndizo zilizokuwa alama za enzi yake. Nilijiuliza siwa ina nguvu gani. Ni pembe. Haipigi mtu, haifungi mtu. Nguvu yake ni kwamba watu wakiisikia wanakubali kuitika, na siku wasipokubali inabaki pembe, ikawekwa ikatazamwa. Nikarudi kitabuni na jicho hilo na nikaona kitu ambacho muhtasari wa mitandaoni hautakupa. Wengi huandika kwamba utaratibu unakufa kome linapovunjika, sura ya 11, Roger anaposukuma jabali likamwua Piggy na kome likasagika. Lakini rudi nyuma. Sura ya 9 Jack keshasema kwamba upande wake wa kisiwa kome halihesabiwi, Ralph anambisha, na hakuna anayemuunga mkono. Nyuma zaidi, Ralph analitazama anaona rangi yake imepauka. Lilikuwa likififia siku zote wakiwa wamelishika. Ukurasa huo ndio ulionipa alama yangu ya kwanza nzuri, na nilifurahi mpaka nikampigia simu baba.

Baba ni mvuvi, na yeye ndiye aliyenipa hoja ya kubishana na kitabu. Bishaneni nacho, mwandishi kupewa Nobel, kama alivyopewa Golding mwaka 1983, hakumfanyi asijibiwe. Wavuvi wa Kojani wanajulikana pwani nzima kwa kwenda dago, kambi ya uvuvi. Wanaume watupu na vijana wao, kwenye ufukwe wa mbali, wiki baada ya wiki, hakuna mke wala mama wala polisi. Yupo nahodha, yupo mpishi, upo mgao wa samaki ambao hata mtoto aliyeteka maji anajua fungu lake. Niliandika kwa hasira kwamba kisiwa hakimgeuzi mtu mnyama, mbona baba yangu hurudi na ndevu tu? Mwalimu akajibu: "Toa nahodha. Toa siku ya kurudi nyumbani. Andika tena."

Sikuweza kuandika tena mpaka niliposoma habari za vijana sita wa Tonga. Mwaka 1965 walitoroka skuli ya bweni na mashua ya mvuvi, wakapigwa na dhoruba, wakatupwa katika kisiwa kitupu cha 'Ata. Walikaa zaidi ya mwaka, hadi nahodha wa Kiaustralia, Peter Warner, alipowakuta mwaka 1966. Moto wao haukuzimika. Waligawana zamu. Wakigombana, wanatenganishwa mpaka wapoe. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakauunga, na ukapona. Hawakuwa na nahodha wala siku ya kurudi. Kwa hiyo msikubali anayesema riwaya hii imethibitisha jinsi binadamu alivyo. Riwaya haithibitishi, inakuuliza. Lakini msikimbilie 'Ata pia, kama nilivyotaka mimi, mkajiambia basi sisi ni kama wale sita. Hilo nalo ni kukimbia, na mimi lilinikamata sura ya 9.

Sura ya 9 ni usiku wa mvua na radi. Wavulana wameshiba nyama, wanacheza ngoma ya duara wakiimba namna ya kumwua mnyama. Simon, mpole wao, anatoka msituni kuwaletea habari njema: mnyama wanayemwogopa kileleni ni maiti ya askari aliyeshuka kwa mwavuli. Wanamwona gizani, wanamfanya yeye ndiye mnyama, wanamwua kwa mikono na meno. Nilifikiria Mwaka Kogwa wa Makunduchi, nilikokwenda na rafiki yangu: wanaume wanapigana kwa mapande ya mgomba, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Mtu wa mbali angesema ni kitu kimoja. Mimi naona wazee wa Makunduchi walijua hasira ipo, wakaitengea siku, silaha isiyoua, na mashahidi mchana kweupe. Ngoma ya wavulana haikuwa na mpaka wa aina yoyote. Nililiandika hilo vizuri. Kisha nikafika asubuhi yake.

Asubuhi yake Piggy anasema ilikuwa ajali. Pacha wawili, Sam na Eric, wanasema waliondoka mapema. Ralph peke yake analitaja neno lenyewe, na yeye pia alikuwamo katika duara. Piggy alikuwamo. Hili husahaulika sana katika insha. Wanafunzi wanawagawa wema na wabaya, wakati usiku ule wema walikuwa ndani ya duara.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeandika, na bado imo, kwamba kisiwani hakuna msichana hata mmoja, na wangekuwapo wangekuwa na huruma. Katika dahalia yetu kulikuwa na msichana mwenye kigugumizi tuliyemwita Redio Mbovu. Usiku mmoja taa zilipozimwa alianza mmoja kumwigiza, akafuata wa pili, mwisho tukawa wengi tumezunguka kitanda chake, tunapiga makofi kwa mahadhi ya kusita kwake. Nilipiga makofi. Sauti yake hatukuisikia hata kidogo. Asubuhi kila mtu alisema yeye alikuwa keshalala. Hakumaliza muhula nasi, na nilipotaka kumtafuta nikagundua jina lake kamili silijui. Nililipata kwenye daftari la mahudhurio.

Ukurasa wa sura ya 9 una tarehe tu. Mwalimu hakuuliza. Aliweka tarehe yake chini ya yangu.

Ukurasa mtupu wenye tarehe ni jibu. Ila mtihani hautaupokea, kwa hiyo jifunzeni kazi zote mbili. Kwenye mtihani, kila unalodai litajie sura na tukio, na usimwage hadithi nzima, msahihishaji anaijua. Mkikuta kosa la mwandishi liandikeni pia, lakini lipimeni. Sisi wenzetu wa fizikia walituonyesha kwamba Piggy, ambaye miwani yake ndiyo wavulana wanayowashia moto, haoni mbali, na lenzi ya mtu asiyeona mbali hutawanya mwanga, haiwezi kuwasha moto. Ni kweli. Nusu ya darasa ikataka kukitupa kitabu. Kosa hilo haligusi kile kinachotokea Jack anapoiiba miwani ile usiku na kumwacha mwenzake hana macho.

Jambo la mwisho: isimulieni riwaya nyumbani, kwa Kiswahili, kwa mtu ambaye hatoisoma. Likizo ile nilimsimulia bibi, tumekaa ukumbini tunachambua karafuu. Alisikiliza yote bila kuniingilia. Bibi alikuwa msichana mkubwa mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, na mambo ya mwaka ule hayasemi. Nilimaliza kwa Ralph kukimbizwa msituni, kisiwa kinawaka, anaanguka mchangani na kunyanyua macho, na mbele yake kasimama afisa wa manowari, nguo nyeupe, kaja kuwaokoa. Nilidhani nimefika mwisho.

Bibi aliendelea kutenga makonyo. Kisha akauliza, "Na huyo bwana wa manowari, alipotua hapo alikuwa anakwenda kumfanya nini nani?"

Niliandika swali lake kama lilivyo, nikatia tarehe, na chini yake nikaandika jina la bibi, kwa sababu jibu lile si langu.